Njia ya misafara Tabora: Tazama kichwa cha punda kabla hujamwita mbishi

Mgeni anayeshuka treni Tabora huja na majina yake kichwani. Wengine wanamfuata Mtemi Mirambo, wengine Livingstone, wengine shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Wanapanda bajaji au bodaboda hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, wanaingia kwenye tembe ambalo Stanley alimwacha Livingstone mwezi Machi 1872, wanapiga picha, wanarudi mjini kula. Njiani wamepishana na punda kadhaa bila kumtazama hata mmoja.

Hapo wanapitwa na kitu. Mtu anayetaka kuielewa njia hii ya zamani afike asubuhi, kabla jua halijawa kali, asimame chini ya mwembe wowote kando ya barabara za pembezoni mwa mji na atazame mikokoteni inavyopita. Mmoja umebeba madumu ya maji, mwingine mkaa, mwingine matofali, mwingine magunia ya mahindi. Ukienda kaskazini kuelekea Nzega na Igunga, punda wanazidi kuwa wengi.

Atazame vichwa. Kuna punda anayetembea kichwa kikiwa karibu usawa wa mgongo, pua mbele, masikio yakizunguka huku na huko, shingo ikipanda na kushuka taratibu kwa kila hatua. Huyo hana neno. Kuna mwingine amekiinua kichwa juu kama anayetafuta kitu angani, mdomo uko wazi, ulimi umetoka pembeni, mate yanadondoka. Kamba ikivutwa anarusha kichwa, kisha anagoma. Mwenye mkokoteni anamchapa fimbo na kutamka neno ambalo kila mtu Tabora analijua: mbishi.

Neno hilo ni la siku nyingi. Kamusi za zamani za Kiswahili zinamtaja punda kiongwe, wengine huandika kihongwe, yaani punda wa bara, aliyedharauliwa na watu wa pwani kwa sababu hatii. Aliyesifiwa ni punda wa Maskati, mrefu na mweupe, wa kupandwa na waungwana wa Unguja. Wa bara aliitwa mkaidi, na sifa hiyo haijamtoka mpaka leo. Wachache wamewahi kumfungua mdomo waone kilichomo ndani.

Maneno ya farasi, nchi isiyo na farasi

Kiswahili kina maneno kamili ya vifaa vya kumwongozea mnyama. Lijamu ni chuma kinachopita kinywani. Hatamu ni ugwe unaotoka kwenye chuma hicho na kuja mkononi mwa mpandaji. Yote mawili yametoka kwa Waarabu, watu wa farasi. Hatamu ndiyo iliyopata bahati zaidi, maana iliingia kwenye siasa, na waliosoma shule miaka ya 1970 na 1980 walikua wakisikia habari za chama kushika hatamu. Wengi waliolitamka neno hilo mikutanoni hawakuwahi kuona hatamu halisi ikiwa imefungwa kwenye kichwa cha farasi halisi.

Sababu ni mdudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, anaishi kwenye misitu ya miombo iliyotanda magharibi mwa Tanzania, na hubeba vijidudu vinavyoitwa tripanosoma. Kwa binadamu husababisha malale, ugonjwa ambao maeneo kama Urambo yanaufahamu vizuri, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Tabora. Kwa mifugo ugonjwa huo huitwa nagana. Farasi akiupata hupandwa na homa, hupungukiwa damu, hukonda, huvimba miguu na chini ya tumbo, kisha kichwa kinashuka na hakiinuki tena. Daktari wa Uingereza David Bruce ndiye aliyeonyesha, kuanzia mwaka 1895 huko Zululand, kwamba vijidudu hivyo ndivyo chanzo cha nagana na kwamba nzi huyo ndiye anayevisambaza. Kabla ya hapo wasafiri waliona tu wanyama wao wakifa.

Na walikufa wengi. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe ambako ndiko Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Zote ni kilomita kama 1,200. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakiwa na punda wapatao 30, na punda hao wakawa wanaanguka mmoja mmoja njiani. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 21, 1871 akiwa na punda 27, kigari kimoja na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash. Farasi wote wawili walikufa wakiwa bado karibu na pwani, mmoja akimfuata mwenzake kwa muda wa saa chache. Mmoja alipopasuliwa alikutwa na minyoo tele tumboni. Kigari nacho kilimshinda, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa ya upana wa mtu mmoja, na mwishowe akaamuru kitupwe. Mwaka 1879 wazungu wengine walijaribu tembo wanne walioletwa kutoka India, waliofunzwa kabisa kubeba mizigo. Jaribio hilo nalo halikufika mbali.

Kwa hiyo mzigo ulirudi kwa binadamu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi, mbali na chakula chake, chungu na mkeka wa kulalia. Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, Wanyamwezi begani. Mzigo mmoja mkubwa uliweza kuning'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, mzigamziga. Punda waliopona walivikwa shogi, ule mfuko mkubwa wa ukili unaolala mgongoni na kuning'inia pande zote mbili. Wao angalau hawakuwekewa chuma mdomoni, kwani punda wa shogi huongozwa kwa fimbo, sauti na kamba ya shingoni. Chuma kilikuja baadaye, pamoja na magurudumu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa safari ndefu ikaisha. Safari fupi hazikuisha. Kutoka kisimani hadi nyumbani, kutoka shambani hadi ghalani, kutoka porini hadi jikoni, hakuna treni. Mzigo huo ulibaki kichwani kwa mwanamke na mtoto wa kike. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushee. Misitu ilipofyekwa kwa ajili ya mashamba ya tumbaku na mahindi, na wafugaji walipohamia, mbung'o alipungua katika baadhi ya maeneo na punda akapata nafasi ya kuishi. Mkokoteni mmoja wenye madumu manane unashusha ndoo nane kutoka vichwani mwa watu. Ndiyo maana mdomo wa punda ni habari ya ukurasa wa familia.

Chuma kinagusa wapi

Ukifungua mdomo wa punda au farasi utakuta meno ya mbele ya kukatia majani, kisha pengo refu lisilo na jino la kutafunia, kisha magego. Pengo hilo ndilo lililompa binadamu wazo la lijamu. Chuma kinalala juu ya ulimi, na ncha zake mbili zinakaa kwenye pengo la kushoto na la kulia. Tatizo ni kwamba chini ya fizi ya hapo hakuna nyama. Kuna mfupa wa taya, na ukingo wake ni mwembamba. Mtu anayetaka kuelewa apitishe kidole mbele ya mguu wake, kwenye ule mfupa wa muundi, kisha afikirie nondo ikigongwa hapo kila mara kamba inapovutwa.

Chuma kikivutwa, mnyama ana njia chache za kujiokoa, na zote zinaonekana kwenye kichwa. Anaweza kuinua pua juu ili chuma kiteleze kuelekea pembe za mdomo, mbali na mfupa. Anaweza kukunja shingo na kuleta kidevu kifuani ili kamba ilegee. Anaweza kufungua mdomo, kuutoa ulimi nje, au kuurudisha nyuma na kuukunja juu ya chuma. Anaweza pia kuegemea chuma kwa nguvu zote na kukimbia, kwa sababu mnyama wa jamii hii akiumia hukimbia kwanza. Mtu aliye nyuma yake anaona kiburi, na anavuta zaidi.

Wanaolijua jambo hili kuliko wengine ni watu wa mbio za farasi. Afrika Mashariki ina uwanja mmoja maarufu wa mbio hizo, Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, kwenye nyanda za juu na baridi ambako mbung'o si tishio kama huku. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Anapopiga shoti, pumzi yake imefungamana na hatua zake: hatua moja, pumzi moja. Tena anapumua kwa pua tu, kwani koo lake limeumbwa hivyo. Anahitaji kunyoosha shingo na kutanguliza pua ili njia ya hewa ikae wazi, na anahitaji kichwa kipande na kushuka ili mwili ukae sawa. Mpandaji akikivuta kichwa hicho kikaja kifuani, koo linajikunja na njia ya hewa inakuwa nyembamba wakati ule ule ambapo mapafu yanataka hewa nyingi zaidi. Daktari wa mifugo Robert Cook wa Marekani ametumia miaka mingi akidai kwamba lijamu yenyewe ni chanzo cha matatizo ya pumzi na tabia mbaya kwa farasi. Si wenzake wote wanaokubaliana naye. Wapo wanaosema kosa si la chuma bali la mkono.

Mkono au chuma, kidonda ni kidonda. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kukagua vinywa vya farasi 261 wanaokimbia wakivuta kigari chepesi, mara tu baada ya mbio. Asilimia 84 walikuwa na majeraha mapya mahali panapoguswa na lijamu. Kwa wengi wao hakuna damu iliyoonekana kwa nje. Hao ni farasi wenye thamani kubwa, wenye madaktari wao, katika nchi tajiri yenye lijamu za dukani zilizosuguliwa zikang'aa.

Mkokoteni wa Tabora hauna lijamu ya dukani. Ukitazama kwa makini vichwa vinavyopita, utaona kamba ya nailoni iliyopitishwa kinywani na kukazwa. Mahali pengine Afrika punda huwekewa waya, kipande cha nondo au mnyororo wa baiskeli. Nailoni ikilowa mate na kukauka inakata kama kisu butu. Mnyororo una meno. Waya unashika kutu. Na mkono unaovuta mara nyingi ni wa kijana aliyekodi mkokoteni kwa siku, anayelipwa kwa dumu, ambaye hana muda wa kujua mnyama wa mtu mwingine anaumwa wapi.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama punda wa mkokoteni anahitaji chuma hata kidogo. Farasi wa mbio anakwenda kilomita 60 kwa saa na mtu mgongoni, hivyo hoja ya kumdhibiti ina mantiki hata kwa anayeipinga. Punda mwenye madumu ya maji anakwenda mwendo wa mtu kwa miguu. Anaijua njia ya kisimani kuliko kijana aliyemkodi. Kamba pana ya kitambaa inayozunguka pua na kupita nyuma ya masikio, isiyoingia kinywani, inatosha kumgeuza, na mtu akitembea ubavuni mwake hata hiyo haina kazi kubwa. Punda akisimama ghafla si lazima awe amegoma. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa mara nyingi huganda mpaka aelewe kilicho mbele. Akipewa nusu dakika ataendelea. Akivutwa mdomo atajifunza kwamba daraja lile, au lori lile, lina maumivu, na kesho atasimama tena mahali pale pale.

Nira ya ng'ombe, shingo ya punda

Si kila kichwa kilichoinuliwa ni cha maumivu ya mdomo. Unyamwezini na Usukumani watu walianza kulima kwa plau na ng'ombe kabla ya kuzoea punda, kwa hiyo nira iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wana nundu, na nira inaegemea mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Ukimvika nira ya ng'ombe, mti unaponda shingo kwa juu, na kamba ya chini inabana koo. Ataiinua shingo ili apate hewa, atavuta kwa nguvu kidogo, na atapata kidonda juu ya shingo kisichopona kwa sababu kila asubuhi kinavikwa nira upya.

Mkanda mpana wa kifuani, wenye upana wa kiganja hivi, uliotandikwa blanketi kuukuu au gunia laini, unabadilisha mambo bila gharama kubwa. Fundi viatu wa sokoni anaweza kuushona. Ukikaa juu sana utabana koo, ukikaa chini sana utazuia miguu. Mahali pake ni pale mfupa wa kifua unapoanza, chini ya koo na juu ya maungio ya miguu.

Anayenunua punda mnadani anaweza kusoma historia yake hata kama muuzaji haisemi. Mahali palipokuwa na kidonda kirefu cha msuguano, nywele mara nyingi huota nyeupe. Alama nyeupe juu ya pua ni kamba iliyokaza. Nyeupe shingoni ni nira. Pembe za mdomo zilizokakamaa na kuwa ngumu kama sugu ni miaka ya kuvutwa. Mdomo unaonuka vibaya, majani yaliyotafunwa nusu yakidondoka, au punda anayekonda huku chakula kipo, ni dalili za kumwita ofisa mifugo wa kata. Na kichwa kinachoning'inia chini muda wote, masikio yameanguka, macho hayafuati kitu, hicho ni kichwa cha mgonjwa, na katika maeneo yenye mbung'o nagana iwe ya kwanza kufikiriwa. Punda huistahimili kuliko farasi, lakini haina maana kwamba haimpati.

Ugonjwa wenye jina lake

Yako mambo mawili hapa ambayo daktari wa binadamu angependa familia iyasikie.

La kwanza ni pepopunda. Jina lenyewe linaeleza jinsi wazee walivyoliona: mtu anakakamaa mwili, taya zinakaza asiweze kufungua mdomo, mgongo unapinda kama upinde, na ikasemekana amepandwa na pepo. Kinachosababisha ni bakteria wanaoishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, wakiwemo punda na farasi. Wanaingia kupitia kidonda, hasa kirefu na kichafu, na kutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Kwa binadamu dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Miongoni mwa wanyama wa kufugwa, jamii ya farasi na punda ndiyo inayodhurika zaidi na sumu hiyo. Punda aliyekatwa na waya wenye kutu mdomoni anaweza kuupata ugonjwa wenye jina lake, na hapo taya inafungwa bila lijamu yoyote. Masikio yanasimama, mkia unainuka, anatembea kama ameundwa kwa mbao.

Kijana anayefanya kazi na punda, anayechomwa na msumari wa mkokoteni au kukatwa na waya zizini, asisubiri. Aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni na aende kituo cha afya kuulizia chanjo, hasa kama hakumbuki alichanjwa lini. Mama mjamzito ahakikishe amepata chanjo zake kliniki, kwa kuwa zinamlinda pia mtoto atakayezaliwa. Na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kinyesi cha mnyama wala udongo, hata kama bibi aliyeshauri hivyo aliwalea wengi wakapona.

La pili ni vidonda vya punda mwenyewe. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu hupaka kwa kuamini inafukuza nzi, ni sumu inayounguza nyama. Maji safi yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo, yakipoa yanatosha kusafishia. Kidonda cha mdomo kinahitaji jambo moja gumu zaidi kwa mwenye mkokoteni, nalo ni kuondoa kilichokisababisha na kumpumzisha mnyama mpaka kipone.

Kupumzika ndiko kunakouma mfukoni. Familia inayouza maji kwa punda mmoja ikimpumzisha wiki mbili haina mapato wiki mbili, na maji ya nyumbani yanarudi kichwani kwa mama na binti. Kwa hiyo wanaambiana punda afe mzigo ufike, na hawasemi kwa ukatili. Lakini hesabu hiyo ilikuwa nyepesi zamani, punda alipokuwa anapatikana kwa urahisi. Miaka ya karibuni ngozi ya punda imetafutwa sana kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao, machinjio ya punda yakafunguliwa Dodoma na hapo jirani Shinyanga, na wenye mikokoteni wakajikuta wakishindana na mnunuzi wa ngozi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Aliyekufa kwa kidonda hafidiwi upesi.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama na kumtwika kupita uwezo wake. Ni sheria nzuri, na haifiki kisimani mara kwa mara. Kinachofika kisimani ni jirani. Mmoja akitoa chuma mdomoni na punda wake akaendelea kuvuta kama kawaida, wengine watatazama.

Mchana Tabora huwa kimya, jua likiwa limesimama juu ya miembe. Magurudumu matatu ya guta yamechukua sehemu ya kazi mjini, yanabeba saruji na kreti za soda, na wapo wanaosema punda wana miaka michache tu. Huenda. Kwenye barabara ya Kwihara guta moja limesimama pembeni, dereva ameinama juu ya injini, mafuta yamekwisha au kuna kingine. Mkokoteni wa maji unampita. Punda wake ana kamba ya kitambaa cha khanga puani, kinywani hamna kitu, na kijana anatembea ubavuni, hata kamba yenyewe ameitupia juu ya madumu.